Irabu Mbili, Silabi Ngapi? Kufundisha Tahajia ya Kiswahili kwa Watoto wa Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa nini watoto wanaoanza kusoma katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, huandika irabu za Kiswahili kwa namna ambayo walimu wengi huihesabu kuwa uzembe. Hoja inayojengwa ni kwamba herufi a, e, i, o, u ni zilezile katika lugha zote ambazo mtoto hukutana nazo shuleni, lakini kanuni za kuzitumia hutofautiana. Katika Kiganda, Kisoga na Kimasaaba irabu inayoandikwa mara mbili ni irabu moja ndefu. Katika Kiswahili ni silabi mbili. Tofauti hii, pamoja na mkazo wa Kiswahili unaosikika kama urefu, silabi ya m isiyokuwa na irabu, na majina ya herufi za Kiingereza, ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya makosa ya imla. Makala yanaonyesha jinsi mwalimu anavyoweza kuitumia lugha ya kwanza ya mtoto kama msaada badala ya kuihesabu kuwa kikwazo.

Utangulizi

Mtoto anayeanza darasa la kwanza mjini Jinja hukutana na herufi a, e, i, o, u zaidi ya mara moja. Hukutana nazo katika somo la kusoma na kuandika kwa lugha ya eneo lake, yaani Kisoga, au Kiganda ambacho kimeenea sana mjini. Hukutana nazo tena katika Kiingereza, na panapofundishwa Kiswahili huzikuta kwa mara ya tatu. Mwenzake wa Mbale hupitia hali hiyo hiyo kwa Kimasaaba, ambacho wengi hukiita Kigisu, na jirani yake katika dawati anaweza kuwa Mteso, Mgwere au Mnyole. Wale wanaokwenda chuo cha Kurani jioni hukutana na irabu mara ya nne, safari hii zikiwa alama juu na chini ya herufi za Kiarabu. Lakini chati iliyobandikwa ukutani darasani ni moja tu.

Sera ya elimu ya Uganda haikuisahau lugha ya mtoto. Waraka wa Serikali kuhusu elimu wa mwaka 1992 ulipendekeza lugha za wenyeji zitumike kufundishia katika madarasa ya awali ya shule ya msingi, na mtaala wa mada ulioanza kutumika mwaka 2007 ukaweka lugha hizo katika madarasa matatu ya kwanza, darasa la nne likawa la mpito kuelekea Kiingereza. Kiswahili kilitajwa katika Katiba, kwa marekebisho ya mwaka 2005, kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kupendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mengi yameandikwa kuhusu utekelezaji wa pendekezo hilo: walimu, vitabu, fedha. Kidogo sana kimeandikwa kuhusu kinachotokea ndani ya daftari la mtoto anapoandika neno la Kiswahili kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Mtoto anayeandika *kalaamu* kwa *kalamu*, *mze* kwa *mzee* na *mutoto* kwa *mtoto* hupata alama za mkwaju mwekundu tatu na sifuri chini ya ukurasa. Akizipata mara nyingi, huamua kwamba Kiswahili si lugha yake. Ilhali katika kila neno kati ya hayo matatu mtoto amesikia vizuri, amefikiri vizuri, na ameandika kwa kufuata kanuni. Kanuni hiyo ni ya lugha nyingine tu.

Herufi zilezile, kanuni tofauti

Kiganda, Kisoga, Kimasaaba na Kiswahili zote ni lugha za Kibantu zenye irabu tano. Ufanano huu ndio unaowafanya waandishi wengi wa vitabu vya kiada waliruke suala la irabu katika ukurasa mmoja. Tofauti haiko katika idadi, iko katika urefu.

Katika Kiganda urefu wa irabu hubadilisha maana. *Okusiga* ni kupanda mbegu, *okusiiga* ni kupaka. Tahajia ya Kiganda iliyosanifiwa mwaka 1947 huonyesha urefu huo kwa kurudia herufi, na mtoto hufundishwa mapema kwamba *ii* ni sauti moja iliyovutwa. Kisoga hufuata njia hiyo: *omusaadha*, yaani mwanamume, ina irabu ndefu moja katikati. Kwa upande wa Mbale, jina la watu na la lugha yao linatosha kuwa mfano. Wengine huandika Masaba, wengine Masaaba. Wanaoandika kwa *aa* wanajaribu kuonyesha kile ambacho sikio la msemaji linakijua.

Tahajia ya Kiganda ina hekima nyingine ambayo walimu wa Kiswahili wangefaidika kuijua. Irabu iliyo mbele ya mfuatano wa nazali na konsonanti ni ndefu siku zote, kwa hiyo hakuna haja ya kuiandika mara mbili: *okugenda* hutamkwa kwa *e* ndefu lakini huandikwa kwa *e* moja. Vivyo hivyo kwa irabu inayofuata *w* au *y* baada ya konsonanti, kama katika *omwana*. Ndiyo sababu mtoto aliyefundishwa Kiganda vizuri haandiki *mwaana* anapoandika Kiswahili, hata kama anatamka hivyo. Kanuni ya lugha yake humlinda. Makosa hutokea pale kanuni hiyo isipomfikia.

Mkazo unaosikika kama urefu

Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi yenye mkazo hutamkwa kwa nguvu zaidi, na huvutwa kidogo. Kwa mzawa wa Tanga au Mombasa mvuto huo hauna maana yoyote, hata hausikii. Kwa mtoto wa Jinja, ambaye sikio lake limefunzwa tangu utotoni kutofautisha irabu fupi na ndefu, mvuto huo ni habari. Anasikia *kalamu* ina *a* ndefu katikati, naye huandika alichokisikia.

Ushahidi kwamba sikio la wasemaji wa eneo hili hufanya kazi hivyo si wa darasani pekee. Uko katika maneno ambayo Kiganda kiliyachukua kutoka Kiswahili, tangu misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipofika Buganda katika karne ya 19. *Meza* ikawa *emmeeza*, *sukari* ikawa *sukaali*, *kalamu* ikawa *ekkalaamu*. Maneno haya matatu yana thamani ya pekee kwa hoja yetu, kwa sababu urefu huo hauwezi kusemwa kuwa umetoka katika lugha ya asili. *Meza* ni ya Kireno, na irabu ya *qalam* ya Kiarabu katika silabi hiyo ilikuwa fupi. Urefu umezaliwa njiani, pale mkazo wa Kiswahili ulipofika katika masikio ya Waganda. Si kila neno lilipita njia hiyo. *Kitabu* ikawa *ekitabo*, yenye *a* fupi. Hata hivyo mwelekeo unaonekana wazi.

Kwa hiyo mtoto anayeandika *meeza* katika imla ya Kiswahili anafanya leo, peke yake na penseli yake, kile ambacho lugha nzima ilikifanya zamani. Mwalimu akimwambia “hukusikiliza” atakuwa amesema kinyume cha ukweli. Kinachofaa kumwambia ni kwamba katika Kiswahili hatuandiki mvuto. Mvuto ule upo daima mahali pamoja, na jambo lililo mahali pamoja daima halihitaji kuandikwa. Mtoto wa Kiganda ameshaikubali kanuni ya namna hiyo katika *okugenda*.

Silabi isiyo na konsonanti

Upande wa pili wa tatizo ni mgumu zaidi, na ndio unaoharibu maana. Katika Kiswahili *kata* na *kataa* ni vitenzi tofauti. *Kufa* na *kufaa* ni mbali kama mauti na manufaa. Mtoto anayeandika “nguo hii inanifa” amekusudia jambo jema kabisa.

Hapa herufi mbili haziwakilishi irabu moja ndefu. *Kataa* ina silabi tatu, ka-ta-a, na mkazo umekaa kwenye *ta*. Wapo wanaisimu wanaopenda kuiita *aa* hiyo irabu ndefu, na katika usemi wa haraka ina urefu kweli. Lakini ingekuwa silabi moja, mkazo ungelazimika kurudi kwenye *ka*, na haurudi. Kwa mwalimu wa madarasa ya chini mahali pa mkazo panatosha kuamua mjadala.

Tatizo la mtoto wa Jinja ni kwamba mfuatano huu hutokea mara nyingi mwisho wa neno: *mzee, juu, choo, njaa, mguu, kuvaa*. Katika Kiganda, irabu ya mwisho wa neno linalosimama peke yake hutamkwa fupi. Mahali ambapo Kiswahili kinaweka silabi mbili, lugha yake inatarajia irabu fupi moja. Basi huandika *mze*, *ju*, *cho*. Tazama pia jinsi Kiganda kilivyoipokea *saa*: ikawa *ssaawa*. Wasemaji walisikia kwamba kuna silabi mbili, na ili wasizipoteze wakatia *w* katikati. Ni suluhisho la werevu, na mtoto anayeandika *sawa* kwa *saa* analirudia, ingawa kwa bahati mbaya Kiswahili tayari kina neno *sawa* lenye maana yake.

Lakini lugha ya mtoto inayo dawa ya ugonjwa huu, na inasikitisha kwamba haitumiwi. Nyingi ya irabu hizi mbili za Kiswahili zilibaki baada ya *l* ya Kibantu cha kale kudondoka katikati yake. Kiganda kiliihifadhi *l* hiyo. *Njaa* ni *enjala*. *Mguu* ni *okugulu*. *Juu* inahusiana na *eggulu*, mbingu. *Kuzaa* ni *okuzaala*, na *kutwaa* ni *okutwala*. Mwalimu anaweza kumwomba mtoto aseme neno la mguu katika Kiganda, alipige makofi silabi kwa silabi, kisha aiondoe *l*: gu-lu, gu-u. Irabu mbili zimebaki kwa sababu silabi zilikuwa mbili tangu mwanzo. Mtoto wa miaka saba hahitaji historia ya lugha ili aone jambo hilo. Anahitaji makofi yake tu. Na atakuwa amejifunza, bila kuhubiriwa, kwamba Kiswahili ni jamaa wa lugha ya nyumbani kwao.

Mbinu hii hufanya kazi Jinja kwa urahisi kuliko Mbale. Kiganda kiliwahi kuenea mashariki pamoja na utawala na kanisa, hasa baada ya Semei Kakungulu kuanzisha mji wa Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, lakini mtoto wa Kimasaaba wa leo huenda asikijue. Mwalimu wa Mbale hana budi kutafuta jozi zake katika Kimasaaba chenyewe, akiwauliza wazee na watoto, na kuzingatia kwamba lahaja za mlimani na za bondeni hazitamki maneno yote kwa namna moja. Kwa Kisoga kazi ni nyepesi kidogo, kwa kuwa Kituo cha Utafiti wa Utamaduni cha Jimbo Katoliki la Jinja kimechapisha kamusi na vitabu vya lugha hiyo. Mbale nayo ina faida ambayo Jinja inayo kwa kiasi kidogo: mpaka wa Kenya uko karibu, biashara ya sokoni huendeshwa kwa Kiswahili, na watoto wengi wameshawahi kusikia *kataa* ikisemwa na mtu anayeimaanisha.

M isiyokuwa na irabu

Tukigeuza upande, kuna silabi ya Kiswahili ambayo haina irabu kabisa. *Mtu, mti, mtoto*: *m* hiyo ni silabi kamili, inaweza hata kubeba mkazo, kama katika *mtu*. Katika Kisoga na Kiganda kiambishi hicho ni *mu-*, na mbele yake huwa kuna irabu ya mwanzo: *omuntu, omuti*. Mtoto huandika *mutu, muti, mutoto*, na mara nyingine *omutoto*. Kwa njia hiyo hiyo *kitabu* huja ikiwa *ekitabu*.

Nisingependa makosa haya mawili yatazamwe kwa jicho moja. Irabu ya mwanzo ni mazoea ya sarufi ya lugha ya kwanza, nayo huondoka haraka mtoto akiambiwa kwamba Kiswahili huanza na kiambishi chenyewe. *Mu-* ni jambo jingine. Hiyo ndiyo sura ya zamani ya kiambishi hicho. Imehifadhiwa katika lugha nyingi za Kibantu na katika Kiswahili kinachosemwa mashariki mwa Kongo, na katika Kiswahili cha mitaani cha Uganda husikika kila siku. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928, ambayo ilikuwa imeshaidondosha *u*. Mtoto wa Walukuba, mtaa wa nyumba za wafanyakazi mjini Jinja, ambaye amesikia *mutoto* kwa baba yake na kwa muuza duka, hawezi kulaumiwa kwa kuiandika. Afundishwe umbo sanifu, na afundishwe kwa subira, kwa sababu anaombwa kuandika kitu ambacho hakuna mtu wa karibu naye anayekitamka.

Jina la herufi na sauti yake

Kuhusu Kiingereza nitasema machache. Jina la herufi *e* katika Kiingereza husikika kama *i*, jina la *i* husikika kama *ai*, na jina la *a* hukaribia *ei*. Mtoto aliyeanzia shule ya chekechea ya Kiingereza, na wako wengi katika miji hii miwili, akitaka kuandika *kiti* anaweza kuandika *kete*: anatafuta herufi inayojiita *i*, naye anaipata. Mtafiti wa Marekani Charles Read alionyesha mwaka 1971 kwamba watoto ambao hawajaanza shule hubuni tahajia zao kwa kutegemea majina ya herufi na kile wanachokisikia, na kwamba tahajia hizo zina mpangilio. Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, walioandika mwaka 1979 kuhusu watoto wanaozungumza Kihispania, walieleza hatua ambayo mtoto huandika herufi moja kwa kila silabi, mara nyingi irabu. Katika lugha zenye silabi wazi kama zetu hatua hiyo haipaswi kumshangaza mwalimu. Mtoto anayeandika *aa* akasema ni *baba* yuko njiani.

Dawa ya majina ya herufi ni ndogo: katika somo la Kiswahili, kama katika somo la lugha ya eneo, herufi iitwe kwa sauti yake. Kosa lililozoeleka ni kuimbisha alfabeti kwa Kiingereza asubuhi na kusomesha *ba be bi bo bu* mchana bila neno la mpito kati yao.

Jedwali la silabi na imla

Jedwali la *ba be bi bo bu* limewafaa watoto wa Afrika Mashariki kwa vizazi vingi, nami silipingi. Lina mapengo mawili tu. La kwanza ni kwamba safu ya *a e i o u* huimbwa siku ya kwanza kisha husahauliwa, kana kwamba irabu peke yake si silabi. Safu hiyo irudi kila siku, na iunganishwe na nyingine: *ta* na *a*, *gu* na *u*, *ze* na *e*. La pili ni kwamba hakuna mahali pa *m* pekee. Iongezwe pembeni, ikiwa silabi kamili.

Katika darasa kubwa lisilokuwa na vitabu vya kutosha, vizibo vya soda vinatosha. Kila mtoto ana vinne. Mwalimu hutamka neno, mtoto huweka kizibo kimoja kwa kila silabi kabla ya kuandika. *Kata* ni vizibo viwili, *kataa* vitatu, *mtu* viwili, *mguu* vitatu. Mtoto anayeweka viwili kwa *kataa* amejidhihirisha kabla ya kukosea kwenye karatasi, na mwalimu humwona anapopita kati ya madawati. Wale wa chuo cha Kurani huwa wepesi katika zoezi hili kwa sababu wamezoea kupima mvuto wa irabu kwa sauti, lakini waangaliwe katika *e* na *o*, kwani alama za Kiarabu walizozoea ni za irabu tatu.

Katika imla, ninapendekeza mwalimu aache kuhesabu makosa kwa jumla na aandike pembeni aina yake: mvuto ulioandikwa (*meeza*), silabi iliyopotea (*mze*), irabu iliyoongezwa (*mutu*), jina la herufi (*kete*). Watoto wawili waliopata nne kwa kumi wanaweza kuhitaji masomo mawili tofauti kabisa. Mwalimu naye ajichunge katika usomaji. Wengi wetu, kwa nia njema, husoma maneno ya imla polepole na kuyavuta, “kalaaamu”, ili mtoto asikie vizuri. Na mtoto husikia vizuri mno. Neno lisomwe kwa mwendo wa kawaida, mara tatu, na lile ambalo lina mwenzake lisomwe ndani ya sentensi. “Mama amekata nguo” na “mama amekataa nguo” zisomwe siku moja, zikifuatana, na watoto waulizwe ni mama yupi aliyekuwa na mkasi.